Hitilafu za Kolibaki Kati ya Python na C

Python inaweza kuita vitendakazi vilivyoandikwa kwa C kupitia maktaba ya ctypes, iliyoingizwa katika toleo la 2.5 mwaka 2006. Mara nyingine C nayo huhitaji kuiita Python. Qsort, kitendakazi cha C cha kupanga orodha, hakijui kitu kipi kitangulie mpaka kikabidhiwe kitendakazi cha kulinganisha. Kitendakazi kinachokabidhiwa hivyo ili kiitwe baadaye huitwa kolibaki. Hitilafu zake ni ngumu kwa sababu programu huzimika mbali na mahali kosa lilipofanyika, kwa hiyo huchunguzwa kwa utaratibu.

Kwanza ni uhai wa kolibaki. Python huhesabu marejeo ya kila kitu, na yakiisha, kitu hufutwa. C hushika anwani tu, nayo anwani haihesabiwi. Qsort haiathiriki, maana humaliza kazi yake papo hapo. Lakini maktaba inayohifadhi anwani hadi mtumiaji abofye kitufe huweza kuita mahali palipokwisha kufutwa. Programu hufanya kazi vizuri mwanzoni, kisha huzimika bila ujumbe wowote wa Python. Dawa ni kuhifadhi kolibaki iliyoundwa kwa CFUNCTYPE ya ctypes katika kigeugeu kinachodumu kwa muda wote ambao C inaihitaji.

Pili ni aina za data. Kitendakazi cha C kisipotajiwa aina ya jibu lake, ctypes huchukulia kuwa ni namba kamili, ambayo kwa kawaida ina biti 32. Katika kompyuta ya biti 64, anwani inayorudishwa hukatwa nusu yake. Katika CFUNCTYPE, aina ya jibu huandikwa kwanza, ndipo zifuate aina za hoja. Mpangilio ukikosewa, kolibaki husoma takataka.

Tatu ni makosa yanayotokea ndani ya kolibaki yenyewe. Hayapiti kwenye C kumfikia aliyeita. Ctypes huyachapisha kama onyo tu, na C huendelea na jibu lisiloaminika. Kwa hiyo kolibaki nzima hufungwa ndani ya kauli ya try, kosa likaandikwa kwenye kumbukumbu za programu, na jibu salama likarudishwa.

Nne ni nyuzi (threads). Maktaba inaweza kuita kutoka uzi tofauti na ule mkuu, ilhali madirisha ya mifumo kama Cocoa ya macOS hubadilishwa katika uzi mkuu pekee. Hapo kolibaki huweka ujumbe kwenye foleni, na uzi mkuu ukautekeleza.

Chanzo kisipoonekana, moduli ya faulthandler, iliyopo tangu Python 3.3, ikiwashwa mapema huonyesha mstari wa Python uliokuwa ukitekelezwa programu ilipozimika. Jaribio jingine ni kuweka kila kolibaki katika orodha ya kudumu: programu ikiacha kuzimika, tatizo huenda likawa ni uhai; ikiendelea, uchunguzi huhamia kwenye aina za data na nyuzi.