Gari Halikunywa, Lakini Limelala Kituoni

Ndugu msikilizaji, Jumatatu moja, kabla jua halijachomoza sawasawa, mama mmoja jirani yangu hapa Dar es Salaam alinigongea mlango. Mama huyu ni mjane. Katika vitu alivyoachiwa na marehemu mumewe, kikubwa ni gari dogo la teksi. Gari hilo huendeshwa na kijana wa mtaani kwetu, naye humletea mama hesabu yake kila jioni. Kwa hesabu hiyo wajukuu wawili wanasomeshwa.

Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia: "Mwanangu, gari limekamatwa tangu juzi usiku. Dereva alikuwa amelewa. Yeye ametoka jana kwa dhamana, gari wamelibakiza. Sasa mimi ambaye hata ladha ya bia siijui, gari langu limekosa nini?"

Swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Wapo wengi jijini ambao wamewahi kuliuliza, na wengi zaidi wataliuliza mwisho wa mwezi huu, mishahara itakapotoka. Wengine ni wenye magari waliowapa madereva. Wengine ni wake ambao waume zao wametoka na gari la nyumbani. Wengine, tusifichane, ni walevi wenyewe, ambao huamka asubuhi mdomo umekauka na funguo hawazioni.

Jambo la kwanza ninalotaka tuelewane ni hili. Mtu anapokamatwa akiendesha huku amelewa, hapo pana mambo mawili, wala si moja. Kuna shauri la dereva, na kuna suala la gari. Dereva ndiye mtuhumiwa. Gari halishtakiwi. Linapelekwa kituoni kwa sababu aliyekuwa akiliendesha hawezi kuruhusiwa kuendelea nalo, na haliwezi kuachwa katikati ya barabara likagongwa au kung'olewa taa. Kwa hiyo, kama hakuna ajali iliyotokea na gari lenyewe halina kasoro, huwa limehifadhiwa tu hadi apatikane mtu mzima na mwenye haki ya kulichukua. Watu huyachanganya mambo haya mawili, wakadhani kwamba gari haliwezi kutoka mpaka kesi iishe, au mpaka fedha zitoke mfukoni. Hapo ndipo wanapoanza kuliwa.

Na huyu mama alikuwa ameshaanza kuliwa. Jumapili, nje ya kituo, alikutana na kijana aliyejitambulisha kuwa anajuana na wakubwa. Akampa fedha. Kijana akaingia kwa mlango huu, akatokea kwa mlango ule, hakuonekana tena. Jioni akaja wa pili, akataka fedha ya kile alichokiita "kufungua faili". Akapewa naye. Hawa ndio vishoka. Tumewazoea kwenye ofisi za ardhi na za leseni, na penye gari lililokamatwa nako hawakosekani.

Sasa tuitazame sheria kidogo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kiwango cha pombe katika damu kuwa miligramu 80 kwa kila mililita 100 za damu. Anayepita kiwango hicho ana kosa hata kama anatembea wima na anaongea kwa ufasaha. Na yule ambaye pombe imemfanya ashindwe kulimudu gari naye ana kosa. Kile kifaa cha kupuliza ambacho askari wa barabarani wanacho hupima pombe iliyomo katika pumzi, na kutokana nayo hukadiriwa iliyomo katika damu.

Watu huniuliza, je, miligramu 80 ni chupa ngapi? Nitajibu kwa tahadhari, maana miili haifanani. Chupa ya bia ya nusu lita yenye pombe asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo moja akiinywa kwa haraka yaweza kumfikisha karibu na miligramu 40. Mbili zinamfikisha mpakani. Kwa mwanamke, au mtu mwembamba, au aliyekunywa bila kula, mpaka uko karibu zaidi. Basi mtu asije akaketi baa na kuhesabu chupa kwa hesabu yangu hii. Nimeitoa ili tuone jinsi mpaka wenyewe ulivyo karibu.

Hesabu ya pili ni muhimu zaidi kwa shughuli yetu ya leo. Mwili huipunguza pombe polepole, kiasi cha miligramu 15 kwa saa. Kahawa haiongezi mwendo huo, wala maji ya baridi, wala supu ya alfajiri. Chukua mtu aliyekamatwa saa 6 usiku akiwa na miligramu 160. Saa 11 alfajiri, anapoamka na kusema sasa niko safi, bado ana kama 85. Yaani bado yuko juu ya kiwango! Ataisha kabisa karibu saa 5 asubuhi. Ndiyo maana askari anapokataa kumkabidhi funguo alfajiri hamwonei. Akimpa, na yule akagonga mtoto wa shule njiani, nani atajibu? Kwa hiyo ushauri wangu kwa ndugu na jamaa ni kwamba msimtume mlevi kulifuata gari. Aende mtu mwingine, mwenye leseni hai, ambaye usiku ule hakunywa.

Sasa twende hatua kwa hatua, kama nilivyomweleza yule mama.

Kwanza, tenganisha dhamana na gari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliweka utaratibu wa saa 24 kwa mtu aliyekamatwa bila hati, ili afikishwe mahakamani au lifikiriwe suala la kumdhamini. Dhamana ya polisi haina malipo. Mdhamini anaweka saini na ahadi, haweki noti mkononi mwa mtu. Hilo likishamalizika, uliza la gari, na uliulize mezani, siyo kwenye mti ulio nje ya kituo.

Pili, ulizia karatasi. Sheria hiyo hiyo ya 1985 ilielekeza kwamba afisa anapokamata kitu atoe stakabadhi ya kukiri kukikamata, yenye saini za wanaohusika na mashahidi. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba gari liko mikononi mwa polisi, na kwamba lilifika likiwa na nini. Kama dereva wako ana akili kidogo iliyobaki usiku ule, aombe iandikwe namba ya gari, kilometa zilizosomeka, tairi la akiba, jeki, redio, na mikwaruzo iliyokuwapo. Asipopewa, basi yeyote atakayefika kituoni kwanza alizunguke gari, apige picha kwa simu kwa idhini ya afisa wa zamu, na aombe orodha iandikwe.

Tatu, kusanya nyaraka za gari. Iwepo kadi ya gari, yaani ile ya usajili, yenye jina la mwenye gari. Kiwepo kitambulisho chenye jina hilo hilo. Iwepo bima ambayo haijaisha. Hapa wengi hukwama. Gari walilinunua kwa mtu miaka mitatu iliyopita, jina hawakubadilisha, na yule aliyewauzia amehamia Mwanza. Polisi atajuaje kwamba wewe si mwizi? Au kadi iko benki kwa sababu ya mkopo. Hiyo si mwisho wa dunia, omba benki nakala na barua. Mwenye gari asipoweza kufika, amwandikie barua anayemtuma, amtaje kwa jina, aweke saini, na aambatishe nakala ya kitambulisho. Na kama bima imekwisha au taa hazifanyi kazi, ujue gari halitaruhusiwa kuingia barabarani kabla ya kasoro hiyo kurekebishwa, na hilo ni haki.

Nne, muone Mkuu wa Kituo au msaidizi wake, saa za kazi, kwa adabu, na ukiwa na barua fupi. Andika: mimi fulani, mwenye gari namba fulani, lililoletwa kituoni tarehe fulani, naomba kukabidhiwa. Acha nakala moja, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo husahaulika zamu inapobadilika. Barua yenye muhuri haisahauliki upesi.

Tano ni fedha. Kama gari lilivutwa na brekidauni, au limelala katika yadi ya mtu binafsi, huenda kuna gharama ya kuvuta na ya kulaza. Usikatae kabla ya kusikiliza, lakini usilipe kabla ya kuona. Uliza ni kiasi gani, kwa siku ngapi, kwa idhini ya nani, na risiti iko wapi. Malipo ya serikali siku hizi hupita kwa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroli namba, kwenye benki au simu. Anayekwambia "nipe mimi nitakupelekea" hakuombi malipo ya serikali. Anaomba rushwa, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Na kama pale kituoni hakuna jibu la maana, juu ya Mkuu wa Kituo yupo Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na yupo Mkuu wa Usalama Barabarani wa Mkoa. Milango hiyo iko wazi kwa raia.

Ndugu msikilizaji, kote huko nimesema juu ya gari ambalo halikupata ajali. Kama pametokea ajali, na hasa kama mtu ameumia au amekufa, mambo ni mengine. Gari linakuwa kielelezo. Mkaguzi wa magari lazima alikague breki, usukani na matairi, maana mahakama itataka kujua kama kilichoua ni pombe au ni breki. Hapo kungoja ni wajibu. Mwenye gari anaweza kuomba lirudishwe baada ya ukaguzi, kwa ahadi ya kulileta litakapohitajika, na shauri likishafika mahakamani ombi hilo hupelekwa kwa hakimu. Lakini anayekwenda kuhonga ili gari litoke kabla ya ukaguzi anaharibu ushahidi wa marehemu, na huenda ukawa pia ushahidi wa kumwokoa dereva wake mwenyewe.

Tusisahau na bima. Mikataba mingi ya bima kubwa inasema wazi kwamba gari likiharibika wakati dereva amelewa, kampuni haitalipa matengenezo. Mwenye gari amelipa bima mwaka mzima, na usiku mmoja wa dereva wake unaifuta. Mkopo wa benki haufutiki nao.

Yule mama nilikwenda naye siku hiyo ya Jumatatu. Tulikuwa na kadi, kitambulisho, bima, barua, na mpwa wake mwenye leseni. Afisa aliyekuwa mezani aliisoma barua, akaingia ndani, akarudi baada ya muda mrefu kidogo. Saa 9 alasiri gari lilitoka, na pale mezani hatukuombwa hata shilingi. Lakini tairi la akiba halikuwemo, na pale palipokuwa na redio palikuwa na tundu. Nani alichukua? Dereva alisema hajui. Kituoni walisema lililetwa hivyo. Orodha haikuandikwa usiku ule, kwa hiyo mama hakuwa na la kusema. Fedha walizochukua wale vishoka wawili ilikuwa ada ya muhula mzima ya mjukuu mmoja.

Njiani mama alininong'oneza kwamba kijana amemwomba msamaha na anataka arudishiwe funguo. Nikamuuliza, je, mlikuwa na mkataba? Hapana, walikuwa wamepeana neno tu. Akakaa wiki mbili akifikiri, kesi ya kijana ikiwa inaendelea. Mwishowe alimpa gari mtu mwingine, na safari hii wameandikiana: saa 3 usiku gari liwe nyumbani, akinywa halishiki, na akinywa kwa bahati mbaya apige simu, mama atamtuma mtu alifuate. Kipengele hicho cha mwisho nilimshauri mimi, maana dereva anayeogopa kufukuzwa hatapiga simu, ataendesha.

Na wewe msikilizaji mwenye gari, kabla ya Jumamosi angalia kadi yako iko wapi, ina jina la nani, na bima inaisha lini. Kisha mwulize dereva wako, au mumeo, au mwanao, kwamba akizidiwa usiku atampigia nani. Kama hana jibu, mpe namba yako.