Mutoto anakamata kidole: inapaswa iishe lini?

Weka kidole mu mukono wa mutoto wa siku mbili, ataikamata kwa nguvu. Baba anacheka: "Huyu atashika nyundo!" Lakini mutoto hajaamua kintu. Bongo yake ya juu ingali inajengwa. Uti wa mugongo na shina ya bongo njo vinafanya ile kazi. Banganga banaita ile refleksi ya kuzaliwa.

Iko zingine. Ukigusa shavu, anageuza kinywa kutafuta ziwa. Mulango ukigonga, anafungua mikono yote mbili, anairudisha, analia. Ile inaitwa Moro, jina ya munganga Ernst Moro aliyeiandika mu 1918. Musiseme ni pepo. Kushtuka vile ni afya.

Ila muangalie mikono. Kama mumoja unafunguka na mwingine unalala, pengine mufupa karibu na bega umevunjika, ao mishipa ya mukono ilivutwa wakati wa kuzaa. Mumupeleke ku ospitali. Mutoto mwenye hashtuki kabisa, ao mwenye ananyonya bila nguvu, yeye ni leo leo, hata usiku.

Kintu bantu mingi hawajue: hizi refleksi zinapaswa kwenda. Moro inaisha mu miezi 4 mpaka 6, kukamata kwa mukono karibu miezi 6. Bongo ikikomaa inazizima, mutoto anaanza kuchukua vitu kwa kutaka kwake. Zikibakia, pengine bongo iliumia: alikosa hewa akizaliwa, ao alikuwa na umanjano mukali. Mazoezi ya viungo yakianza mapema yanasaidia, lakini bazazi banangojaka mpaka mwaka, banasema "atatembea tu".

Na sisi ba mungoti tuko na yetu. Ng'ambo ya mupaka, ku Kabwe, plombe ilichimbwa toka 1906 mpaka 1994, na vumbi yake ingali mu damu ya batoto. Plombe inaharibu bongo polepole, hata kama refleksi zilikuwa muzuri. Njo maana mu sendika tunadai bafu na mahali pa kufulia nguo kulekule ku kazi. Baba asibebe mutoto na kombinezo ya vumbi.

Siku ya kilo, mama, muombe muuguzi aangalie mikono na shingo pia, asipime uzito tu.