Vinara wa Umeme, Kuanzia Nyundo

Jenereta ndogo kuliko zote katika orodha hii ni gitaa la umeme, na kwa Rwanda mahali pake ni Nyundo, kwa sababu hapo ndipo shule ya kwanza ya muziki nchini ilipofunguliwa mwaka 2014, kabla ya kuhamia Muhanga. Chini ya nyuzi za chuma za gitaa kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitikisika, uga wa sumaku nao hutikisika, na ndani ya waya huzuka volti: sehemu tu ya volti moja. Amplifaya ndiyo huikuza mpaka spika ikavuma. Kanuni hiyo aliionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo hiyo hiyo inayoendesha majenereta ya mto Sebeya, unaopita Nyundo ukiteremkia Ziwa Kivu.

Kwa ukongwe, Sebeya una haki ya kujivunia. Kituo cha Gisenyi, cha megawati 1.2, kimekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Maji ya mto huo huo huendesha pia Gihira, megawati 1.8, na Keya, megawati 2.2. Ni vituo vidogo, lakini hesabu yake inafundisha kuliko ya mabwawa makubwa. Wati ni volti mara ampea. Tukirahisisha, megawati 1.2 kwa volti 230 za nyumbani zingehitaji ampea zaidi ya 5,200. Waya wa kuzibeba ungekuwa mzito ajabu. Transfoma ikipandisha volti hadi 30,000, zinabaki ampea 40. Na kwa kuwa joto linalopotea kwenye waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, hasara katika waya ule ule hushuka karibu mara 17,000. Mimi sijui hesabu nyingine ya umeme yenye faida kubwa hivi kwa kifaa kisicho na hata kipande kimoja kinachozunguka.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoipa Kongo rekodi yake. Laini ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, iliyowashwa mwaka 1982, ina urefu wa takriban kilomita 1,700 na volti 500,000 za mkondo mnyoofu, na kwa miaka mingi hakuna laini duniani iliyoishinda kwa urefu. Leo China imeipita mbali: Changji hadi Guquan ni kama kilomita 3,300, kwa volti milioni 1.1.

Kwa ukubwa, Afrika inaongozwa na bwawa la Ethiopia kwenye Nile ya Bluu, megawati 5,150, lililozinduliwa Septemba 2025. Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji: mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115.

Ila kwa upekee, hakuna wa kulisogelea Ziwa Kivu. Vilindini mwake mna methani nyingi, iliyoyeyuka na kushikiliwa na uzito wa maji. Mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona, kando ya Gisenyi, ulianza kuivuta kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. KivuWatt ya Karongi, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2016, ndiyo ya kwanza duniani kuzalisha umeme kwa kiwango kikubwa kutokana na gesi ya ziwa: megawati 26. Bomba hushuka mita 350 hivi. Maji yakipanda, shinikizo hupungua na gesi hububujika kama soda iliyofunguliwa, kisha mapovu yenyewe huvuta maji mengine juu. Gesi husafishwa kwenye jukwaa linaloelea, ikapelekwa nchi kavu kuendesha injini. Rubavu nayo ina mradi wa Shema Power, uliobuniwa kwa megawati 56, zaidi ya mara kumi ya vituo vyote vitatu vya Sebeya vikijumlishwa.