Ndugu yetu akishitakiwa Marekani kwa deni la kadi, afanye nini?

Jamaa nyingi za makanisa yetu ya Uvira, Fizi, Bukavu na Goma zina watoto na ndugu waliopokelewa Marekani kama wakimbizi. Mara nyingine simu ya usiku inaleta ombi hili: "Wamenipeleka tribinali kwa deni la kadi. Mniombee." Tunaomba, na ni vema. Lakini tumwambie pia: barua hiyo inataka jibu.

Kwa kadi ya mkopo, mtu ananunua leo na kulipa baadaye, na riba inazidi juu ya kile asicholipa. Aliyepoteza kazi, ama aliyetuma feza za matibabu nyumbani, anaweza kushindwa. Benki inaweza kumshitaki, ama kuuza deni kwa kampuni nyingine, nayo ikashitaki. Ndiyo sababu jina la mdai kwenye barua linaweza kuwa geni kwake.

Kwanza, asiifiche barua. Muda wa kujibu unategemea jimbo. Mahali pengi ni siku 20 au 30 hivi, pengine pungufu, basi asome tarehe kwa uangalifu. Kumpigia mdai simu si kujibu. Jibu linaandikwa, linapelekwa kwa karani wa tribinali, na nakala kwa wakili wa mdai. Akinyamaza, hakimu anaweza kumpa mdai ushindi bila kusikia upande wake. Kisha feza za benki zinaweza kushikwa na mshahara kukatwa. Kwa deni la namna hii, sheria ya taifa hairuhusu kukata zaidi ya asilimia 25 ya mshahara uliobaki baada ya makato ya lazima. Majimbo mengine yanalinda zaidi.

Pili, ajibu kwa kweli. Kwa kila dai aseme: nakubali, nakataa, ama sina habari ya kutosha. Kudai ushahidi si kukana deni. Kampuni iliyonunua deni inapaswa kuonyesha kwamba ni lake kweli, na hesabu ni sawa. Tena, deni lina umri wake: katika majimbo mengi, miaka 3 mpaka 6. Mahali pengine, kulipa hata kidogo kunaanzisha upya hesabu ya miaka hiyo. Basi aulize kabla ya kulipa.

Tatu, asiende peke yake. Kuna ofisi za mawakili wanaosaidia maskini bure. Anaweza kuomba mkalimani, na kuomba kusamehewa ada ya tribinali. Akipatana na mdai, mapatano yaandikwe, naye afuatilie mpaka kesi ifungwe.

Wengi wananyamaza kwa kuogopa gereza, kwa sababu huku kwetu wameona madeni yakipelekwa polisi. Kule, kushindwa kulipa kadi si kosa la jinai. Lakini hakimu akimwamuru afike, afike. Kudharau amri hiyo ni jambo lingine.

Nasi tulio nyumbani tujichunguze. Katika Nehemia 5, watu walilia kwa sababu ya madeni, na Nehemia akawasikiliza kabla ya kusema neno. Tusimwaibishe ndugu yetu, wala tusimwombe feza ambazo atazikopa. Tumuulize leo: "Tarehe ya kujibu ni lini?" Kisha tuombe pamoja naye.