Kimelea Hakionji Damu

Kutoka Chebunyo hadi mashamba ya chai ya Kericho swali ni lile lile: ninywe nini damu iwe chungu, malaria isinishike? Muulizaji amekwisha kuchemsha mwarobaini, anataka kipimo tu. Kipimo hakipo. Damu haiwi chungu kwa sababu ulimi umeonja uchungu, na hata ingekuwa chungu, kimelea cha malaria hakionji. Hujibandika kwenye seli nyekundu, hukunja utando wa seli hiyo, kisha huzama ndani. Hiyo ni kazi ya nguvu. Mwaka 2020 watafiti wa KEMRI-Wellcome, Kilifi, na wenzao wa Uingereza walieleza katika jarida la Nature kwa nini watoto waliorithi nakala mbili za aina ya damu iitwayo Dantu wana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Utando wa seli zao umekazwa kama ngozi ya ngoma. Kimelea husukuma, utando haukunjiki. Hata katika damu ya kawaida, seli zilizokaza kupita kiwango fulani huponyoka. Mkazo wa Dantu hurithiwa, hauchemshwi kwenye sufuria.

Wengine hujibu kwamba kwinini ni chungu na inatibu. Inatibu kwa sababu ni sumu kwa kimelea kinapomeng'enya damu ndani ya seli. Uchungu wake ni sadfa, na nyongo ni chungu vilevile bila kutibu. Wengine hutaja wazee walioishi milimani wakinywa mwarobaini bila kuugua. Kilichowalinda ni baridi: chini ya nyuzi 18 hivi, kimelea hakikomai ndani ya mbu kabla mbu hajafa. Joto lilipopanda na mvua kuzidi, Kericho ilipigwa na milipuko miaka ya 1990, na watu wazima wakalazwa pamoja na watoto, kwa kuwa mwili wa mtu wa mlimani haujazoea kupambana na kimelea hiki. Ndiyo maana kikombe cha mwarobaini kinaniudhi: kinampa ujasiri mtu asiye na kinga, naye hukaa na homa siku tatu akingoja damu ibadilike.

Basi lala ndani ya chandarua chenye dawa. Ukitoka Kisumu, Homa Bay au pwani ukapata homa, pima siku hiyo hiyo na useme ulikotoka. Ukiandikiwa AL, dawa ya malaria, maliza dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na chakula au maziwa, hata ukijisikia nafuu. Mjamzito mwenye homa asisubiri. Mtoto anayepata degedege au kukataa kunyonya apelekwe hospitali sasa hivi.