Kudurusu kwa Kitabu Kilichofungwa

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerejea kwao Zagayu, wilayani Itilima mkoani Simiyu, huku mtihani wa marudio ukimngoja baada ya likizo, aghalabu hudurusu kwa njia moja tu: hulisoma desa lake, akalirudia, kisha akalirudia tena, hata kila ukurasa ukamkalia machoni kama sura ya jirani, naye kwa mazoea hayo hudhani amekwisha kuhifadhi, ilhali kuitambua sura si kuijua habari ya mwenyewe.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, mabingwa wa elimu ya nafsi huko Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi, baadhi yao wakaisoma kwa vipindi vinne, na wengine wakaisoma kipindi kimoja, kisha kwa vipindi vitatu wakaandika waliyoyakumbuka bila ya kuitazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tu ndio walioongoza, na hapo ndipo penye ghururi. Maana baada ya wiki moja hao walikumbuka asilimia 40, na wenzao asilimia 61. Maalimu wa madrasa za pwani, ambao tangu zamani humtaka mwanafunzi afunge msahafu asome kwa ghibu mbele yao, wasingestaajabu.

Tumrudie mwanafunzi wetu wa Zagayu, tuseme anasomea kilimo. Na alifunge desa, ajiulize kwa maandishi: kwa nini mkulima wa pamba huamriwa kung'oa na kuteketeza miti ya zao hilo baada ya mavuno? Ajibu yote ayajuayo, ndipo afungue, na kwa kalamu nyekundu atie alama palipopungua: huenda ametaja maradhi, akawasahau funza wanaosalia katika vitumba wakingoja msimu ujao. Swali hilo alirudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, wala si mara tano katika usiku mmoja.

Amweleze pia mdogo wake kwa Kisukuma, kwani asiyeweza kulifafanua jambo kwa lugha ya nyumbani hajalifahamu barabara. Lakini jibu la mwisho aliandike kwa Kiingereza, ambacho ndicho msahihishaji atakachokisoma.

Basi, ndugu mwanafunzi, jioni ya leo, kabla hujalifungua desa, twaa karatasi tupu uandike uliyoyasoma jana.