Mtoto Mwenye Sindromu ya Down Akianza Kuchechemea: Mambo Mzazi Anayopaswa Kujua Kuhusu Nyonga

Ndugu mzazi, kama una mtoto mwenye sindromu ya Down, pengine ulishaelezwa habari ya moyo, ya mafua yasiyokwisha, ya kuchelewa kusema na kuchelewa kutembea. Habari ya nyonga huenda hukuelezwa. Mara nyingi hupitwa, kwa sababu si watoto wengi wanaopatwa nayo, na kwa sababu mtoto mwenyewe mwanzoni halii. Lakini ni shida inayoweza kumwondolea mtoto uwezo wa kutembea polepole, mbele ya macho ya watu wote nyumbani. Ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi kuliko ikigunduliwa baada ya miaka.

Kwanza tukumbushane hali yenyewe. Sindromu ya Down si laana, si uchawi, wala haikuletwa na vita au na mwendo wa msituni ulioufanya ukiwa na mimba. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza mwaka 1866, na mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune pamoja na wenzake walionyesha sababu yake: mtoto ana kromosomu moja ya ziada, ile ya 21, hivyo ana 47 mahali pa 46. Hutokea katika kila taifa na kila kabila. Mama mwenye umri mkubwa ana uwezekano zaidi wa kumzaa mtoto wa hali hii, lakini wasichana nao huwazaa. Baba, acha kumlaumu mama.

Kwa nini nyonga?

Nyonga ni mpira ndani ya bakuli. Kichwa cha mfupa wa paja ndicho mpira, na tundu lililo katika mfupa wa kiuno ndilo bakuli. Kinachoushika mpira usitoke ni kano, mfuko mgumu unaozunguka kiungo, na misuli. Kwa mtoto mwenye sindromu ya Down kano ni legevu na misuli ni laini. Ndiyo maana anaweza kukaa akitandaza miguu pande zote mbili kama chura, au kuuleta mguu mpaka usoni, na wageni wakacheka. Ulegevu huohuo ndio unaouruhusu mpira kutoka ndani ya bakuli.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kwa watoto hawa, mara nyingi nyonga huwa nzima wakati wa kuzaliwa. Shida huanza baadaye, hasa kati ya umri wa miaka 2 na 10, mtoto akiisha kuanza kutembea. Kwa hiyo usiseme, "Alipimwa alipozaliwa, wakasema ni mzima." Kipimo cha siku ile hakitoshi.

Mwanzoni mpira hutoka na kurudi wenyewe. Unamvalisha suruali, unasikia "ko!" kwenye paja, naye anaendelea kucheza. Watoto wengine hujifunza kuutoa na kuurudisha kwa makusudi, kama mchezo. Msiwaache waucheze. Kila mara mpira unapotoka, mfuko unazidi kulegea na ukingo wa bakuli unazidi kulika. Baada ya muda mpira unabaki nusu ndani, nusu nje. Mwishowe hautaki tena kurudi. Wakati huo maumivu huja, na mtoto aliyekuwa akikufuata mpaka bombani anaanza kukaa chini njiani na kunyoosha mikono abebwe. Jirani atasema ni uvivu, au kwamba "watoto wa namna hii ndivyo walivyo." Usikubali neno hilo. Mtoto aliyekuwa akitembea na sasa hatembei ana sababu.

Dalili za kuangalia

Angalia jinsi anavyotembea akiwa hana viatu, mahali pa tambarare. Je, anachechemea? Je, anayumba kiuno upande mmoja? Mlaze chali, unyooshe miguu yote miwili: je, mmoja ni mfupi kuliko mwingine, au umegeukia nje? Je, analia au anakunja uso unapomtenganisha mapaja kumwosha? Wengi wa watoto hawa hawasemi "naumwa." Maumivu yao huyaona katika tabia: anakataa kucheza, anaamka usiku, anakuwa mkali bila sababu. Wengine hushika goti. Maumivu ya nyonga hupita na kujitokeza kwenye goti, kwa hiyo ukipeleka mtoto kwa ajili ya goti, omba nyonga nayo ipimwe.

Mambo mawili hayangoji hata kesho. Mtoto mwenye homa ambaye hataki kabisa kuguswa mguu au kuukanyagia anaweza kuwa na usaha ndani ya kiungo. Mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. La pili ni shingo. Watoto wachache wenye hali hii wana ulegevu pia katika mifupa ya juu ya shingo, na mfupa unaweza kukandamiza uti wa mgongo. Mtoto anayeanza kuanguka ovyo, mikono ikiwa dhaifu, akikojoa nguo wakati alikuwa ameshaacha, au akiinamisha kichwa upande mmoja, shida yake huenda si nyonga. Mbebe bila kumtikisa kichwa na umpeleke mara moja.

Kubeba mgongoni na kukanda

Akina mama huuliza kama kitenge kinaharibu nyonga. Hapana. Kumbeba mtoto mgongoni miguu ikiwa imeachana, magoti yakiwa yamekunjwa kuzunguka kiuno chako, ni vizuri kwa nyonga ya mtoto mchanga. Madaktari wa hospitali moja ya mifupa huko Blantyre, Malawi, walipitia kazi yao ya miaka 10: kati ya watoto zaidi ya 40,000 waliowahudumia, walikuta 9 tu waliopasuliwa kwa nyonga ya kuzaliwa nayo, nao wanafikiri desturi ya kubeba mgongoni ni sababu mojawapo. Kinachodhuru ni kumfunga mtoto mchanga miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja. Lakini msichanganye mambo: kitenge hakitibu nyonga iliyokwisha kutoka kwa mtoto wa miaka 4.

Kukanda na kuvuta nako hakutibu. Tunawaheshimu wazee wanaojua kunyoosha mkono uliovunjika, lakini nyonga hii haikuvunjika, imelegea. Kuivuta kunaongeza ulegevu, na kwa mtoto ambaye shingo yake nayo huenda ni legevu, kumshika kwa nguvu ni hatari.

Pa kwenda

Anzia kituo cha afya cha kambi. Ndicho kinachoandika karatasi ya transferi, na bila karatasi hiyo gharama zinaweza kubaki mikononi mwako. Eleza wazi kwamba mtoto ana sindromu ya Down na kwamba umesikia au umeona nyonga ikitoka. Kama una simu yenye kamera, chukua video fupi ya mtoto akitembea. Siku ya daktari mtoto anaweza kugoma hata kusimama, na video itasema kwa niaba yake. Hospitali ya wilaya itapiga picha ya mifupa, ile wengi wenu mnayoiita radio. Katika Rusizi hospitali za wilaya ni Gihundwe, iliyo Kamembe, na Mibilizi.

Upasuaji wa nyonga kwa kawaida haufanyiki kwenye hospitali ya wilaya. Mtoto hupelekwa mbele zaidi, na hapo kuna jina linalochanganya watu. Butare ni mbili. Iko Butare ambayo ni sekta ya hapa Rusizi, na iko Butare mji wa zamani, ambao tangu 2006 huitwa Huye, wenye hospitali kubwa ya chuo kikuu, CHUB. Kutoka hapa kwenda Huye unavuka msitu wa Nyungwe, safari ya zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo mkiandikiwa Butare, ulizeni ni Butare ipi kabla ya kulipa gari. Rwanda pia ina vituo vinavyojulikana kwa mifupa ya watoto: Gatagara huko Nyanza, iliyoanzishwa 1960 na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, na Rilima katika Bugesera.

Kuna wazazi wanaochelewesha matibabu wakitumaini kwamba mtoto atatibiwa nchi ya tatu, familia ikipata safari. Safari inaweza kuja baada ya miezi au miaka, au isije. Nyonga haingoji faili.

Matibabu yenyewe

Kama shida imeanza karibuni na bakuli bado ni zuri, daktari anaweza kuurudisha mpira mtoto akiwa amelala kwa dawa, kisha akamfunga plasta kubwa kuanzia kiunoni hadi miguuni ili mfuko ukaze. Kwa watoto wenye sindromu ya Down mara nyingi hilo peke yake halitoshi, nyonga hutoka tena. Ndipo hufanywa upasuaji: kukaza mfuko, kukata na kugeuza mfupa wa paja, au kurekebisha bakuli. Hata upasuaji mzuri unaweza kuhitaji kurudiwa. Muulize daktari jambo hilo mapema, usilisikie kwa mara ya kwanza likiwa limeshatokea.

Kabla ya dawa ya usingizi, taja mambo matatu hata kama hujaulizwa. Moyo: karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa hiyo upimwe. Shingo: omba ishikwe kwa uangalifu mtoto akiwa amelala. Kifua: kama ana kikohozi au homa siku hiyo, sema, hata kama mmesafiri mbali na unaogopa kurudishwa.

Plasta nyumbani

Hii ndiyo kazi ngumu, na huchukua wiki 6 hadi 12. Mtoto hawezi kukaa wala kubebwa mgongoni. Panga mapema nani atakusaidia kumwinua, maana ni kazi ya watu wawili. Mkono mmoja uwe chini ya mgongo na mwingine chini ya mapaja. Ule mti unaounganisha miguu si mpini, usimwinulie hapo.

Mgeuze kila baada ya saa 2 hadi 4, mchana na usiku, ukiegemeza plasta kwa nguo zilizokunjwa ili visigino visiguse godoro. Mkojo ndio adui mkubwa. Weka nepi ndogo ndani ya ukingo wa plasta na nyingine kubwa juu yake, uzibadilishe mara kwa mara, na umlaze kichwa kikiwa juu kidogo ili mkojo uteremke. Usimwoshe kwa maji ya kumwagia. Tumia kitambaa chenye unyevu. Usipake poda ndani. Akiwashwa, usiingize kijiti wala waya, kidonda kitakachotokea hutakiona mpaka kinuke. Mpe chakula kidogo mara nyingi, maji ya kutosha, uji, maharage na matunda, kwa sababu asiyetembea hufunga choo. Usimweke karibu na jiko, hawezi kukimbia.

Kila asubuhi na jioni tazama vidole vya miguu. Vikiwa vya baridi, vya bluu, vimevimba au havichezi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukisikia harufu mbaya, akipata homa, akitapika kila anachokula, au plasta ikivunjika.

Usimfiche ndani. Mtoto huyu hujifunza kwa kuona watu. Mtoe nje kwenye mkeka kivulini, wenzake wamzunguke, mwimbieni. Na wale ndugu zake wengine, wagawieni muda pia. Wiki 12 ni nyingi kwa mtoto anayeona mama yuko upande mmoja tu.

Plasta ikitolewa, usishtuke ukiona miguu myembamba, ngozi ikibanduka, na mtoto akiogopa kusimama. Mazoezi huanza taratibu kwa maelekezo ya mtaalamu wa viungo, na kurudi kutembea huchukua miezi. Tunza picha za mifupa na karatasi zote ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pasipovuja. Utaombwa kuzileta kila miadi, na miadi huendelea mpaka mtoto atakapoacha kukua. Akifika umri wa kubalehe akaanza kuchechemea tena au kushika goti, rudi kituo cha afya na mfuko huo.